Kaka, kabla hamjanunua mashine ya wadi ya watoto

Kaka yangu,

Jumapili ulinipigia ukasema wewe na wenzako mnaofanya kazi huko Doha mmechanga pesa, na mnataka kuinunulia wadi ya watoto kitu cha maana, mashine hasa, yenye kibandiko cha majina yenu. Ukaniuliza mashine gani. Nikakuomba siku chache. Zimepita nne na jibu limekuwa refu kuliko simu, kwa hiyo naliandika hapa ambapo wenzako nao watalisoma, maana wana dada na wake Ahero, Mumias, Molo na Bungoma, na wadi hizi si ngeni kwao.

Hospitali tuliyolazwa na mpwa wako mwezi wa tano sitaitaja. Wauguzi wake walimwokoa, na kasoro nitakazokueleza nimezikuta pia kwingine nilikowahi kwenda kuuguza.

Habari yenyewe uliisikia nusunusu. Homa ilianza Jumatano. Alhamisi jioni alikataa hata uji, na usiku akashikwa na degedege. Kwenye kliniki tuliyoanzia waliniuliza ana kilo ngapi, nikajibu kumi na tano. Sijui niliitoa wapi hiyo namba. Nilikuwa nimembeba mgongoni kutoka stejini, amelegea, na mtoto aliyelegea huwa mzito. Wakaandika 15. Tulipofika hospitalini sista alimpokea mikononi mwangu, akamvua nguo zote na kumweka kwenye mizani: 11.8.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa hospitali ya watoto ni kitu gani. Mtoto kila kitu chake hupigiwa hesabu upya. Sindano ya artesunate ya malaria kali, kwa mtoto aliye chini ya kilo 20, ni miligramu 3 kwa kila kilo: akifika, baada ya saa 12, na baada ya saa 24, kisha kila siku mpaka aweze kumeza dawa. Maji ya dripu ni kwa kilo. Damu ni kwa kilo. Mtoto ana takriban mililita 80 za damu kwa kila kilo ya uzito wake, kwa hiyo mpwa wako, damu yake yote akiwa mzima haijai chupa ya lita moja. Nilipoelezwa hivyo nikajua kwa nini sista alikuwa mkali kwa kijana wa maabara aliyekuja na chupa kubwa ya kuchukulia damu ya kupima. Na yake ilikuwa imeliwa na malaria hadi viganja vikawa vyeupe kama unga. Akaongezewa. Mfuko mmoja kutoka kwa mtu mzima una mililita 450, naye alihitaji karibu nusu yake. Ukigawanywa mapema kwenye vifuko vidogo, mfuko mmoja hutosha watoto wawili. Kwa hiyo mkitaka kusaidia bila kutoa hata shilingi, mkija likizo Desemba piteni mtoe damu. Shule zikifungwa, wanafunzi wanaotoa damu hawapo, na malaria ya mvua za vuli haifungi.

Utaniuliza kama hakuchanjwa. Alichanjwa. Chanjo ya malaria ilianza Kenya Septemba 2019, ikianzia Homa Bay, na sisi wa kaunti za ziwa na magharibi ndio tulioipata mwanzo. Ni dozi nne: miezi 6, 7, 9, na miezi 24. Alipata tatu. Ya nne niliisahau tulipohama nyumba. Hata zote nne hazizuii kila malaria, daktari aliniambia nisijitese, lakini nakuandikia ili shemeji yako huko Mumias aangalie kijitabu cha mtoto wake leo.

Turudi kwenye vifaa. Mlioongea kuhusu mashine kubwa, nataka niwaonyeshe vidogo. Kile kibanio cha kidoleni chenye mwanga mwekundu, kinachopima oksijeni, kilichokuwa wadini kilikuwa cha mtu mzima. Kwa kidole cha mtoto kinateleza, kinasoma ovyo, kinalia bila sababu mpaka watu wanakizoea na kukizima. Kitambaa cha kupimia presha vilevile: kikiwa kikubwa kuliko mkono wa mtoto, presha huonekana ya chini kuliko ilivyo. Branula nayo, ile sindano ya plastiki inayoachwa mshipani kwa ajili ya dripu. Zina rangi kwa ukubwa wake. Ya manjano ni ya wachanga, ya buluu ni ya wakubwa kidogo. Usiku ule stoo ilikuwa na za waridi na za kijani tu, ambazo mshipa wa mtoto aliyekauka maji hauwezi kuzipokea. Nilitumwa nje ya geti kutafuta duka la dawa lililo wazi saa nane za usiku, leso kichwani, mvua inanyesha, nikikimbia nisijue nitamkuta vipi. Branula yenyewe ni bei ya soda.

Sasa oksijeni, na hapa nitakaa kidogo.

Kitanda cha jirani alikuwapo mvulana wa miezi minne mwenye nimonia. Kifua kilikuwa kinaingia ndani kila akivuta pumzi, na pua zinapanuka. Alikuwa kwenye ile mashine inayonguruma pembeni ya kitanda. Mashine hiyo haina oksijeni ndani yake. Inavuta hewa hii hii ya chumbani, ambayo sehemu kubwa ni naitrojeni na oksijeni ni kama asilimia 21 tu, inaichuja naitrojeni na kumpa mtoto kilichobaki. Mchanga anahitaji kama nusu lita hadi lita moja kwa dakika, na mkubwa kidogo moja hadi mbili, kwa hiyo mashine moja ya lita 10, ikiwa na kigawanyio na mipira ya puani inayowatosha, hulisha watoto kadhaa kwa wakati mmoja. Ni kitu kizuri sana. Ila kinakula stima.

Usiku wa tatu stima ilipotea. Kelele zote zilikoma pamoja, na kimya kile ndicho kilichotuamsha akina mama wote. Sista alikuja mbio na tochi ya simu mdomoni, akiukokota mtungi wa oksijeni. Funguo ya kufungulia mtungi haikuwa mahali pake. Mama wa yule mvulana hakupiga kelele. Alikuwa amemshika mwanawe akihesabu pumzi kwa sauti ya chini, moja, mbili, tatu, kama mtu anayehesabu chenji. Funguo ilipatikana dirishani. Jenereta ikanguruma baadaye. Mvulana alipona, alitoka wadini kabla yetu, lakini mimi bado friji ikizimika ghafla nyumbani nainuka.

Basi mkinunua mashine ya oksijeni bila kuuliza stima ikipotea kunakuwaje, mtakuwa mmenunua nusu. Na mkisafirisha ya huko bila kuuliza kama vichujio na vipuri vyake vinapatikana Kisumu au Nakuru, itaungana na zile nilizoziona kwenye korido: tatu, zimefunikwa shuka, juu yake zimewekwa thamosi za chai. Mojawapo ilikuwa inkubeta yenye kibandiko cha wafadhili. Nilisimama nikakisoma hicho kibandiko na kukumbuka maneno yako, kaka, hata kabla hujayasema.

Lakini hata haya yote si ndiyo nilitaka kukwambia kwanza. Nilitaka kukwambia kuhusu kitanda.

Wadi ya watu wazima ikilaza watu thelathini, ni thelathini. Ya watoto ikilaza thelathini, ni sitini, kwa sababu kila mtoto ana mama yake, au nyanya, au dada wa miaka kumi na minne aliyetolewa shule. Mama ndiye anayelisha, anayegundua kwamba dripu imesimama, anayemwambia daktari "leo hanitazami kama jana". Nusu ya uuguzi wa usiku unafanywa na akina mama. Ila jengo limechorwa kana kwamba hawapo. Tulilala watoto wawili kitanda kimoja, miguu kwa kichwa, na sisi mama zao chini kwenye simenti, leso moja chini na moja juu. Siku kumi na moja. Hakukuwa na kiti. Mahali pa kuanika nguo hapakuwapo, na mtoto mwenye homa na kuhara hulowesha shuka mara tano kwa siku, basi dirisha zote zilifunikwa na nguo mbichi na hewa haikupita. Chakula kililetwa cha mgonjwa. Wa kunyonyesha alijitafutia, mwingine alikuwa akila makoko ya uji wa mwanawe. Choo kilikuwa cha mtu mzima, kirefu, na mtoto wa miaka mitatu aliyefungwa dripu mkononi unamsimamisha vipi pale? Poti moja ya plastiki ingetutosha kumi.

Mama aliyelala sakafuni siku kumi na moja huanza kuomba ruhusa mapema. Nimewaona wakitoka na watoto ambao sindano hazijaisha, kwa sababu nyumbani kuna wengine watatu na mgongo umekataa. Hilo halionekani kama upungufu wa vifaa, lakini ni upungufu wa kiti na godoro.

Kuna wanaolielewa. Nakuru jengo lenye jina la Margaret Kenyatta limejengwa kwa ajili ya mama na mtoto kwa pamoja. Hapa Kisumu, pale hospitali ya rufaa ya Jaramogi, ambapo wazee bado wanapaita Russia kwa sababu Wasovieti ndio waliopajenga na pakafunguliwa 1969, watoto wana upande wao wenye jina la Obama. Na Eldoret ndani ya uwanja wa hospitali ya rufaa ya Moi kuna Shoe4Africa, hospitali nzima ya watoto, iliyofunguliwa 2015. Shirika lenye jina hilo lilianza kwa kugawa viatu vya kukimbia, mpaka mwanzilishi wake Toby Tanser, naye mkimbiaji, akaazimia kujenga hospitali. Nilimsindikiza huko rafiki yangu wa chamani ambaye mwanawe alivimba taya. Ni saratani ya Burkitt, ile ambayo daktari mpasuaji Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 akiwa Uganda, na huwapata zaidi watoto wa sehemu zenye malaria nyingi kama kwetu. Dawa zake huchukua miezi. Mtoto wa miaka sita atakaaje wadini miezi? Pale wana kituo cha Sally Test, ambako watoto waliolazwa wanacheza na kusomewa, na yule mvulana alikuwa akiulizia kituo hicho kabla hajauliza chai. Rafiki yangu alisema siku za sindano alikuwa anamburuta kutoka nyumbani, ila akifika getini anatangulia yeye.

Pia ngozi ya mama. Mtoto njiti hufungwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, kama kangaruu. Jambo lililoanzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978 pale inkubeta zilipokuwa haziwatoshi wachanga. Sasa Shirika la Afya Duniani linasema lianze mara tu mtoto anapozaliwa, hata kabla hajatulia. Kinachohitajika ni kiti cha kuegemea, kitambaa, chumba chenye joto, na mama aliyeshiba. Na kwa wachanga wanaopumua kwa shida, kuna kifaa ambacho mpira wake mmoja huishia ndani ya chupa ya maji, na kina cha mpira ule majini, sentimita tano au sita, ndicho kinachopima nguvu ya hewa inayozuia mapafu yasifunge. Unaona mapovu, unajua mtoto anasaidiwa. Nilisimama mlangoni nikiyatazama yale mapovu kwa muda mrefu.

Basi hili ndilo jibu langu. Msinunue chochote bado. Nina namba ya sista mkuu wa wadi, na yeye atawaunganisha na fundi wa mitambo wa hospitali. Huyo ndiye anayejua kipi kimekufa kwa kukosa kichujio cha shilingi mia chache. Waulizeni hao wawili kabla ya kumuuliza mtu yeyote wa ofisini. Mkiniuliza mimi, ningesema viti thelathini vya kulalia vya akina mama, magodoro yenye ngozi ya plastiki inayopanguswa, mizani miwili, mmoja wa wachanga, vibanio vya kidole vya saizi ya watoto, betri ya kuishika mashine ya oksijeni mpaka jenereta iwake, poti, na kamba za nguo zenye paa. Na mnyororo wa kuifunga ile funguo kwenye mtungi.

Kibandiko mnaweza kukibandika kwenye viti. Akina mama wana muda mrefu wa kukisoma.

Mambo ya bili na SHA, bima ya afya ya serikali, nitakueleza kwa simu, hayo ni yetu. Sista mpigie Jumanne mchana; usiku yuko na watoto. Mpwa wako amerudi chekechea. Nilimpima jana kliniki, 12.6, na nimeiandika nyuma ya mlango kwa kalamu ya wino.

Dada yako