Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Wafugaji wa Samaki aina ya Mwatiko, Ngomeni

Wazee wetu, kina mama na vijana, asalaam aleikum.

Mambo ya kawaida mnayajua. Mabwawa yalisafishwa, kingo zilizobomolewa na maji makubwa ya bamvua zikajengwa, vifaranga vikavuliwa, mwatiko wakauzwa Malindi. Sitawachosha.

Nije kwenye ngisi. Barazani inasemwa kwamba mwenyekiti anawalisha samaki ngisi na wanachama wanalalia mchicha. Uamuzi ule ulipitishwa kikaoni na kumbukumbu anazo katibu. Wanaopiga kelele leo ndio wale ambao siku hiyo hawakuja.

Samaki wazazi walikuwa wakila pumba za mahindi na mashudu. Walinenepa, sikatai, lakini unene si uzazi. Kifaranga cha mwatiko kikianguliwa hakina mdomo wa kulia. Siku mbili tatu za mwanzo kinaishi kwa kiini alichowekewa na mama yake. Kiini hicho kinataka mafuta ya omega-3 na vitamini E na C. Samaki wengi wa baharini hawawezi kujitengenezea mafuta hayo ya kutosha, na kwenye pumba hayamo. Kwenye ngisi na dagaa yamo. Tena yai hujengeka kwa miezi, kwa hiyo fedha hutoka mapema na mayai huja baadaye. Si jambo nililoliota mimi: Japani, miaka ya 1980, watafiti waliwapa samaki wazazi unga wa dome, jamaa wa ngisi, na mayai yao yakawa bora.

Waliofika bwawani walijionea. Zamani ukiyachota mayai kwenye gilasi, mengi yalizama, meupe pe. Msimu huu mengi yalielea, maangavu hata huyaoni mpaka uielekeze gilasi juani. Ndiyo, vifaranga vingi vilikufa wiki ya kwanza. Hapo kosa si la ngisi. Vikimaliza kiini vinahitaji rotifa, viumbe wadogo sana wa majini, na kuwafuga kunahitaji matangi ambayo hatuna fedha ya kuyanunua.

Na fedha hakuna kwa sababu hii: wanachama ni 46, waliolipa ada yote ya Sh1,200 ni 17, yaani Sh20,400. Ngisi na dagaa peke yake ni Sh38,000. Pengo lilizibwa na mauzo, na kiasi fulani kilitoka mfukoni mwangu, ambacho sijakidai. Mikutano miwili iliahirishwa kwa kukosa akidi, ilhali siku ya kugawana mapato ya mauzo viti havikutosha.

Mwakani, inshallah, tutatafuta matangi, na wafadhili wakipatikana tutajenga kibanda cha kutotoleshea. Kwa sasa, mwenye ngisi wa bei nafuu amwone mweka hazina. Wasiolipa ada wamwone kwanza, maana ngisi wa kukopa wavuvi wamekataa.