Kabla hamjakata shauri, njooni Tanga

Raskazone, Tanga

Mpendwa Mwalimu,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Mimi ni mzima, na kazi ya ukaguzi wa hesabu iliyonileta huku inakwenda vizuri, ingawa majalada ni mengi na mara nyingi jua huzama nikiwa bado nimeinama mezani. Katika barua yako uliniambia kwamba mwaka huu mmeazimia kuwapeleka watoto wakaione bahari kwa mara ya kwanza, na kwamba mnasita kati ya Zanzibar na Dar es Salaam. Ninakuomba muufikirie na mji huu kabla hamjakata shauri. Sababu yangu ni moja, nayo nimeithibitisha kila jioni baada ya kazi: chakula kinachopikwa hapa, bidhaa zinazouzwa sokoni na ufuo wanakokwenda watu kupunga upepo ni vya wenyeji wenyewe, na mgeni huingizwa katika maisha ambayo yangeendelea vilevile hata asingefika.

Nianze na samaki, kwa kuwa mimi na wewe tulikulia kando ya Ziwa Victoria, kwa sato, sangara na dagaa, na tumezoea kudhani kwamba juu ya samaki hatuna cha kufundishwa. Soko la Deep Sea liko ukingoni mwa maji, na asubuhi, ngalawa na mashua zinaporudi, mzigo hushushwa na mnada huanza papo hapo. Changu, tasi, pono, kolekole, nguru, chewa, jodari, pweza na ngisi hupangwa kwa mafungu, na anayenadi hutaja bei kwa kasi ambayo mimi hunilazimu kusimama karibu na mama mmoja mkaangaji ili anieleze kinachoendelea. Yeye ndiye aliyenifundisha kufunua shavu la samaki na kuangalia wekundu wake, kubonyeza ubavu na kuona kama nyama inarudi, na kutomnunua samaki ambaye jicho lake limezama. Ukishanunua, unaweza kumwachia mkaangaji kama yeye, naye humparua, humpasua, humtia chumvi na ndimu na kumtumbukiza katika karai la mafuta huku wewe umekaa kwenye benchi ukisubiri. Nimekula changu wa namna hiyo kwa ugali na kachumbari, na nakiri bila kuionea haya Mwanza yetu kwamba sikukumbuka sato.

Mbele ya soko hilo watoto wako watapata somo ambalo wewe mwenyewe utapenda kulifundisha. Wavuvi wa Tanga ndio ambao, tangu miaka ya 2000 ilipoanza, wamekuwa wakimvua kwenye nyavu zao silikanti, samaki ambaye wataalamu waliamini kwamba alitoweka duniani pamoja na dinosaria, mpaka mmoja alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938. Anaishi katika maji yenye kina kirefu, kwenye mapango ya chini ya bahari, na mwaka 2009 serikali ilitenga hifadhi maalumu ya bahari katika pwani hii ili kumlinda. Wazee wa hapa husimulia pia, kwa uchungu unaoonekana usoni, juu ya miaka ambayo baadhi ya watu walivua kwa baruti na kuivunja miamba ambamo samaki wadogo hukulia. Ninataka watoto wayasikie yote mawili, kwa sababu mtoto anayejua kwamba mwamba unaweza kuuawa atauangalia kwa macho mengine akiuona ukiwa hai.

Kwa kifungua kinywa siendi mbali. Wenyeji wangu wa ofisini walinipeleka Ngamiani, ambako mitaa imepangwa kwa nambari, hivi kwamba mtu hukuelekeza barabara ya nane au ya kumi na mbili na unafika bila kupotea, na baiskeli ni nyingi kuliko nilivyowahi kuziona katika mji wowote. Huko nimekula mahamri kwa mbaazi za nazi, vitumbua vilivyotiwa iliki na mkate wa kumimina ulioiva ukaacha vijishimo vidogo juu yake, na chai ya maziwa iliyochemka pamoja na tangawizi. Mbaazi ndizo zilizonishinda. Tui jepesi hutangulia kuzichemshia, kisha tui zito huingia mwisho, moto ukiwa umepunguzwa, na mpishi hakomi kukoroga ili lisikatike. Nimemwomba dada anayezipika anionyeshe hatua zote, naye alikubali kwa moyo mweupe, akaniruhusu hata kukuna nazi kwenye mbuzi yake. Mchana ofisini huletwa wali wa nazi na samaki wa kupaka, na mezani hakukosi mtindi, maana Tanga ni mji wa maziwa na kiwanda cha Tanga Fresh kiko papa hapa. Jioni ni zamu ya pweza, ambaye huchemshwa, hukatwa vipande vidogo na kuliwa kwa kijiti pamoja na kikombe cha supu yake ya moto yenye pilipili. Mihogo ya kukaanga na chatini ya nazi huuzwa karibu naye. Shemeji atafurahi.

Kuhusu manunuzi, weka akiba kwa ajili ya kanga. Katika maduka ya Ngamiani muuzaji hakukunjulii kanga kabla hajakuuliza ni ya nani: ya mama mzazi, ya mama mkwe, ya jirani aliyejifungua, au ya rafiki uliyekosana naye. Akishajua, huleta doti tatu au nne na kukusomea jina la kila moja kwa sauti, na wanawake wengine waliomo dukani hutoa maoni yao kama yanafaa au yatazua maneno. Nimekaa humo muda mrefu kuliko nilivyokusudia, na nimemnunulia mama yangu doti yenye jina la Wema Hauozi, rangi ya zambarau na nyeupe, kitambaa kizito cha pamba ambacho muuzaji alinishauri nikiloweke kwa chumvi kabla ya kukifua mara ya kwanza. Yako ninayo pia, lakini jina lake utalisoma mwenyewe.

Viungo navyo vinunue huku. Iliki, pilipili manga, mdalasini na karafuu zinazouzwa katika soko la Mgandini nyingi hutoka Amani na vijiji vya milima ya Usambara Mashariki, juu ya Muheza, kwa hiyo zimesafiri mwendo mfupi na harufu yake bado ni kali. Mikeka na vikapu vya ukindu hupatikana kwa akina mama wanaovisuka wenyewe, nao wakikutajia bei wanajua ni siku ngapi wamekaa kwenye ukili ule, kwa hiyo mimi sikupatana nao sana. Papa mkavu na ng'onda nimefungasha kwa ajili ya safari, vimezungushiwa magazeti na mifuko kadhaa, kwani harufu yake ndani ya basi si jambo la kumfanyia jirani.

Sasa bahari yenyewe. Mji wa Tanga umekaa ndani ya ghuba, na sehemu kubwa ya ukingo wake ni bandari, miamba na mikoko, kwa hiyo ufuo mrefu wa mchanga mweupe hamtaukuta katikati ya mji. Raskazone, nilikopanga chumba, kuna barabara ya kando ya maji yenye miti mikubwa na nyumba za zamani za enzi ya Wajerumani, na familia nyingi huja kuogelea humo siku za mapumziko. Jambo la kujifunza kwanza ni maji kujaa na kupwa, ambalo sisi watu wa ziwani hatulijui kabisa. Maji yakijaa, watoto wataogelea karibu na ngazi. Yakipwa, huondoka umbali mkubwa na kuacha madimbwi yenye kaa, vijisamaki na nyota za bahari, na hapo viatu vya plastiki ni lazima kwa sababu ya viumbe wa baharini wenye miiba na ncha za mawe. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua, wakati ambao maji hujaa sana na kupwa sana, na kila mvuvi atakueleza saa zake bila kutazama kitabu.

Kwa mchanga mweupe, twende Pangani. Jumamosi moja tulipanda gari mimi na wenzangu wawili wa ofisini, mwendo wa kilomita kama 50 kuelekea kusini, tukapita Tongoni, ambako kuna magofu ya msikiti na makaburi ya zamani yenye minara ya mawe. Tulisimama hapo kwa muda. Ninapenda kwamba magofu hayo yamezungukwa na kijiji kinachoendelea na shughuli zake, na kwamba kutoka kwenye makaburi unaona bahari ileile ambayo Vasco da Gama, akirudi kutoka India mwaka 1499, aliichomea moja ya meli zake kwa kukosa mabaharia wa kuiendesha. Pangani ni mji mdogo, nao umebeba mambo mazito: ndipo Wajerumani walipomnyonga Abushiri bin Salim mwezi Desemba 1889 kwa kuongoza vita dhidi yao, na ni karibu na hapo ambapo miche 62 ya mkonge iliyonusurika safari ndefu kutoka Florida ilipandwa mwaka 1893, ikawa chanzo cha mashamba yote yale utakayoyaona barabarani ukija Tanga. Utakapowaeleza watoto, waeleze pia juu ya manamba waliotolewa mbali kuja kuukata mkonge huo.

Kutoka Pangani tulichukua mashua hadi Maziwe. Ni fungu la mchanga katikati ya bahari, ambalo huibuka maji yakipwa na kufunikwa maji yakijaa, na kuzunguka kwake kuna matumbawe yenye samaki wa kila rangi ambao unawaona kwa kuinamisha uso tu majini ukiwa na miwani ya kuogelea. Wazee wa Pangani wanakumbuka kilipokuwa kisiwa chenye mivinje na kivuli. Miti ilianguka, mchanga ukahama, na kasa wanaoendelea kuja kutaga hapo mayai yao yangefunikwa na maji kama wasingekuwapo watu wanaoyahamishia Ushongo, ufukoni mwa bara, ili yaanguliwe salama. Niliposimama kwenye mchanga ule, maji yakiwa yametuzunguka pande zote na nahodha akiniambia tumebakiwa na muda mfupi, niliwafikiria watoto wako kwa nguvu sana. Hapo ndipo mahali ambapo ningependa waione bahari kwa mara ya kwanza, kabla ya hoteli yoyote na kabla ya bwawa lolote la kuogelea.

Mapango ya Amboni, upande wa kaskazini wa mji kwenye njia ya Mombasa, tutakwenda kwa nusu siku. Ni mapango ya mawe ya chokaa, yana giza na popo, mwongozaji hutangulia na tochi, na kuna sehemu ambayo watu bado hufika kuomba dua na kuacha marashi na vitambaa, kwa hiyo watoto waambiwe mapema wawe na adabu.

Kuhusu wakati, ningeshauri likizo ya Desemba badala ya Juni. Mwezi Juni kusi huvuma kwa nguvu na mashua za Maziwe hutegemea hali ya bahari, ilhali Desemba kaskazi inaanza, maji ni maangavu zaidi, na maembe yamejaa sokoni. Joto litakuwepo, lakini upepo hutoka baharini. Safari ya basi kutoka Mwanza moja kwa moja itawachosha watoto. Njooni Dodoma mlale kwangu usiku mmoja au miwili, kisha tupande wote treni ya umeme hadi Morogoro, jambo ambalo najua mtoto wako mdogo atalipenda kuliko yote, na kutoka hapo tuchukue basi la kupitia Chalinze na Segera. Tukifika Muheza tutanunua machungwa dirishani.

Mama mwenye nyumba niliyopanga hapa Raskazone ana vyumba viwili vingine, jiko tunaloruhusiwa kulitumia na veranda inayoelekea maji, naye ameniambia kwamba Desemba hujaa mapema kwa sababu wenyeji walio mbali hurudi nyumbani. Amekubali kunishikia nafasi hadi nitakapopata jibu lako. Tafadhali zungumza na shemeji, kisha uniandikie tarehe ambayo shule yenu itafunga na idadi ya watakaokuja, na kama mama mkwe wako naye ataongozana nanyi uniambie, ili nimwombee chumba cha chini kisicho na ngazi.

Wasalimie wote nyumbani, hasa bibi wa pale Kirumba.

Ni mimi rafiki yako wa siku zote,
Mkaguzi wako wa Dodoma