Tuliyesoma naye akifa, tanzia itangulie rambirambi

Mhariri,

Makundi ya WhatsApp ya waliosoma pamoja shule za upili hapa Mombasa karibu yote hukosea pahali pamoja siku ya msiba. Habari ya kifo huingia asubuhi, kisha "Inna lillahi" na "pole" zikaifunika, hata anayefungua simu mchana hajui jeneza linaswaliwa msikiti gani. Na Mwislamu aliyefariki alfajiri huenda akazikwa baada ya Alasiri siku hiyo hiyo.

Dawa iko ndani ya simu yenyewe. Msimamizi abadilishe mpangilio wa kundi ili wasimamizi peke yao waweze kuandika, aweke tanzia moja, aibandike juu kwa siku saba, kisha afungue kundi baada ya mazishi. Rambirambi hazichachi. Tanzia itaje msikiti, swala ambayo jeneza litaifuata, na maziara kwa jina lake: Kikowani si Manyimbo, na kuandika "makaburini" tu ni kumzungusha mtu kisiwa kizima. Itaje pia matanga ya wanaume ni wapi na ya wanawake ni wapi. Mazishi yakiwa Likoni au Kwale, wanaotoka kisiwani waambiwe saa ya kuwa kivukoni, si saa ya kuzika peke yake.

Jina liandikwe la marehemu, la baba na la babu, pamoja na lakabu ya shuleni na mkondo aliosoma. Darasa moja la Mombasa laweza kuwa na Mohamed Ali wawili, na aliye hai akaanza kupigiwa simu za matanga. Wanawake nao mtaani huitwa kwa majina ya watoto wao. Jina la daftari la darasa peke yake halitawaelekeza majirani wala wanafunzi wenzake wa zamani. Kabla ya yote hayo, mtu mmoja ampigie jamaa wa karibu na kuthibitisha. "Nimesikia" si uthibitisho, na si haki mama mzazi apashwe habari ya mwanawe na simu ya jirani.

Kwa Wakristo wanaosafirisha maiti bara, hesabu ni nyingine. Mochari hutoza kwa siku, na kutoka hapa hadi Kisumu ni zaidi ya kilomita 800, kwa hivyo mchango lazima uwe umekamilika kabla ya gari kuondoka. Familia itoe makadirio yaliyogawanywa: mochari, sanduku, gari, chakula. Kwa Waislamu sehemu kubwa ya mchango ni ubani wa wafiwa, nao unaweza kukusanywa bila papara.

Kuhusu pesa hatutauma maneno. Mweka hazina asipokee michango kwa laini anayodaiwa Fuliza, yaani mkopo wa M-Pesa, kwa sababu kila shilingi inayoingia hukatwa kwanza kulipa deni hilo, naye ataonekana mwizi bila kuiba. Atafutwe mwenye laini safi, na mtu wa pili awe anaona ujumbe wa kila muamala. Laini ya kawaida ya M-Pesa haibebi zaidi ya shilingi 500,000, kwa hivyo darasa kubwa lipeleke pesa kwa mafungu. Anayetuma kwa simu ya mkewe au ya duka aandike kundini jina lake, la sivyo orodha itajaa watu wasiojulikana. Orodha hiyo ioneshe majina na jumla. Kiasi cha kila mtu kisiwekwe hadharani, maana wapo wenzetu ambao shilingi mia ni chakula cha jioni, na wakiona elfu tano za fulani hunyamaza kabisa.

Pesa zisitumwe kwa namba ya marehemu, hata ikiwa bado inaita. Zikishaingia mle, familia itahitaji stakabadhi za urithi kuzitoa. Mjane Mwislamu yumo edani miezi minne na siku kumi. Atumiwe kwa laini yake mwenyewe, au apelekewe nyumbani na wanawake wa darasa. Kupitisha kwa shemeji ni desturi, lakini ni desturi inayopunguza pesa njiani.

Kuna kazi ambayo makundi mengi huisahau, na kwa maoni yetu ndiyo yenye faida kubwa. Anayefia nyumbani hutolewa taarifa kwa naibu wa chifu, kikapatikana kibali cha mazishi, na kwa haraka ya kuzika wengi huishia hapo. Cheti cha kifo hakiombwi. Miezi sita ikipita, kusajili kifo huwa usajili wa kuchelewa wenye masharti zaidi, na bila cheti watoto hukwama katika mafao ya NSSF na mirathi, iwe kwa Kadhi au kwingineko. Darasa halikosi mtu aliyezoea ofisi za serikali. Huyo apewe jukumu la kufuatilia kibali hadi cheti kitoke.

Taazia, ile ya kusomwa na kuhifadhiwa, isubiri siku chache. Yatajwe mwaka wa kuingia kidato cha kwanza na wa kumaliza cha nne, kwani "darasa la 2004" huandikwa na wengine kana kwamba waliingia 2004. Sababu ya kifo isitajwe ila familia iseme. Picha ya msichana wa shule asiyejistiri, hata ikiwa ya miaka thelathini nyuma, isirushwe bila ruhusa ya watu wake. Fulana zenye uso wa marehemu tunaziona hasara. Bei yake ingelipia karo.

Picha ya darasa iliyo kwenye karatasi ipigwe upya ikiwa imelazwa karibu na dirisha, bila flashi, simu ikiwa sambamba nayo. Majina yaandikwe safu kwa safu kuanzia kushoto, angalau wawili wayahakiki, na nakala ipelekwe maktaba ya shule. Wanaoweza kutambua nyuso za safu ya nyuma hupungua kila mwaka.

Wasimamizi wa makundi ya wanafunzi wa zamani,
Majengo na Tudor, Mombasa