Kabla hujanunua betri nyingine

Sakina, Arusha

Kaka Elibariki,

Salamu kwako na kwa wote hapo nyumbani Moshi. Ujumbe wako nimeupata, kwamba kamera yako ya Sony a6400 inamaliza betri tatu kabla ya saa sita mchana na wiki ijayo unakwenda kununua nyingine mbili. Naomba usubiri kidogo. Huenda betri hazina kosa, na ukiongeza mbili utakuwa umelisha tu kile kinachonyonya.

Anza na hesabu. Kwenye DSLR yako ya zamani, ile kamera yenye kioo ndani, picha uliyoiona kwenye tundu la kuchungulia ililetwa na kioo hicho, na senso, kile kipande kinachonasa picha, iliamka pale tu ulipobonyeza. Hii haina kioo: senso, prosesa na skrini vinafanya kazi mfululizo tangu unapowasha swichi, hata kama hujapiga picha hata moja. Ile namba ya picha 410 kwa betri moja inayotajwa kwa kamera yako inatokana na kipimo cha CIPA, chama cha watengenezaji wa kamera cha Japani. Wanapiga picha moja kila sekunde 30, na kila baada ya picha kumi wanaizima kamera. Zidisha mwenyewe utaona ni kama saa tatu na nusu za kamera kuwa macho. Ndiyo maana mpiga picha wa harusi anaweza kutoka na picha 1,000 kwa betri moja, na wewe uliyemsubiri chui ashuke mtini ukabaki na picha 80, na betri zenu zikawa sawasawa. Tena usijilinganishe na mwenye Sony a7 III. Betri yako, NP-FW50, inabeba chaji ya 1,020 mAh, na yake, NP-FZ100, inabeba 2,280.

Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: chaji inaisha kamera ikiwa imewashwa, au inaisha ikiwa imezimwa kwenye begi? Hayo ni magonjwa mawili tofauti, na wengi wanayatibu kwa dawa moja.

La kuisha ikiwa imezimwa lipime usiku. Chaji betri ijae kabisa, weka kamera kwenye hali ya ndegeni, toa memori kadi, toa lenzi na ufunike mdomo wa kamera kwa kifuniko chake. Izime saa mbili usiku, iwashe saa mbili asubuhi, andika asilimia. Ikishuka moja au mbili usihangaike. Ikishuka kumi na zaidi bila kitu chochote kuunganishwa, tatizo liko ndani ya mwili wa kamera au kwenye betri yenyewe. Rudia na betri nyingine ujue ni lipi. Asilimia ikibaki palepale, usiku wa pili rudisha lenzi, wa tatu rudisha memori kadi, wa nne ondoa hali ya ndegeni. Usirudishe viwili kwa pamoja, maana utapata jibu usilojua ni la nani.

Mimi dau langu liko kwenye usiku wa nne. Uliniambia umeunganisha simu ili picha ziandikwe mahali zilipopigwa. Muunganiko huo unapita kwenye Bluetooth, na kamera ikiruhusiwa kuwasiliana na simu hata ikiwa imezimwa, hailali usingizi kamili. Zima kipengele hicho kwenye menyu ya mtandao. Ukihitaji kuhamisha picha, washa, hamisha, zima.

Lenzi nayo usiiache. Wewe bado unatumia zile lenzi zako za Canon kwa adapta, kile kipande cha kuziunganisha na kamera, sivyo? Baadhi ya adapta zenye vifaa vya umeme ndani zinaendelea kuvuta chaji kidogokidogo kamera ikiwa imezimwa. Kama usiku wa pili ndio ulioshusha asilimia, ukimaliza kazi itoe adapta, au toa betri ulale. Kuhusu memori kadi, angalia taa yake baada ya kuzima kamera. Ikiendelea kuwaka muda mrefu, kadi inasumbua. Hamisha picha zote, kisha ifomati ndani ya kamera, usifanyie kwenye kompyuta.

Kuna jambo dogo linalowatisha watu bure. Ndani ya kamera mna betri ndogo ya saa, na inachajiwa na hii kubwa. Kamera iliyokaa kabatini masika yote inaweza kula chaji kidogo siku ya kwanza kwa sababu hiyo. Weka betri iliyojaa, iache imezimwa kwa saa 24. Ikiendelea kukuomba tarehe kila unapobadilisha betri, hiyo ndogo imekufa, mpelekee fundi.

Sasa chaji inayoisha kamera ikiwa imewashwa. Menyu nitaipitia haraka kwa sababu unaijua. Muda wa kujizima weka dakika 1. Zima Pre-AF, maana hiyo inazungusha mota ya lenzi kutafuta fokasi hata kabla hujagusa kitufe. Ung'avu wa skrini usiuache kwenye ile ya jua kali siku nzima. Iwashe unapoihitaji, kisha uirudishe. Onyesho la picha baada ya kupiga lizime. Ubora wa onyesho uwe wa kawaida.

Ila tundu la kuchungulia lina mtego wake. Pembeni yake kuna kihisi cha jicho. Kamera ikining'inia kifuani, shati au mkanda unakifunika kihisi hicho, na kamera inadhani umeweka jicho: skrini inazimika, kidirisha cha ndani ya tundu kinawaka, ukisogea vinabadilishana tena. Kwenye gari linalorukaruka barabara ya kwenda Ndutu jambo hilo linaendelea asubuhi nzima bila wewe kujua. Tafuta menyu ya kuchagua kidirisha au skrini, utoe ile ya kujichagulia yenyewe. Na ujue kidirisha si nafuu. Kwa kamera yako kipimo kilekile cha CIPA kinatoa picha 360 kwa kidirisha na 410 kwa skrini. Kinachookoa chaji kweli ni kuzima swichi mnapotoka kwa mnyama mmoja kwenda kwa mwingine. Inawaka upesi, hutakosa kitu.

Baada ya hapo ndipo uzikague betri. Ziandike namba 1, 2, 3 kwa kalamu ya wino mzito. Kila moja ichaji ijae, kisha rekodi video ukiwa ndani ya nyumba, kamera imeelekea ukutani, mipangilio ileile, ung'avu uleule, mpaka izime. Andika dakika. Betri isiyofika theluthi mbili ya dakika za iliyo bora kuliko zote, mimi ningeitoa kazini. Ukiona asilimia inashuka taratibu mpaka 40 halafu kamera inazima ghafla, seli zimechoka au ni betri feki ambayo chipu yake haijui hali ya seli. Na lebo ikikuambia 2,000 mAh kwenye umbo lilelile la NP-FW50, irudishe mezani kwa muuzaji, seli za kujaza namba hiyo haziingii humo.

Ipitie kwa mkono pia. Ilaze juu ya meza ya kioo uizungushe kwa kidole. Ikizunguka kama pia, tumbo limevimba. Dalili nyingine ni kukwama kwenye chumba chake badala ya kuruka ukifungua kifungio chake. Iliyovimba usiitoboe, usiichaji tena, usiitupe motoni. Kama haijavimba, futa vipande vyake vya shaba kwa pamba yenye spiriti kidogo. Jasho na vumbi la huko porini huacha utando unaozuia umeme kupita vizuri.

Kuhusu ile safari ya Kibo, Kilimanjaro, na wageni wako, baridi haiui betri, inaifanya ishindwe kutoa umeme kwa kasi inayotakiwa. Volti inaporomoka, kamera inadhani chaji imeisha. Usiku wa kuelekea kilele cha Uhuru, mita 5,895, betri za akiba zikae mfuko wa ndani, karibu na mwili, moja tu iwe kwenye kamera. Iliyozima itoe, ipashe joto mfukoni, utashangaa bado ina picha kadhaa. Ila usiichaji ikiwa ya baridi. Subiri ipate joto la kawaida kwanza. Joto nalo ni baya zaidi kwa muda mrefu: betri iliyojaa ikiachwa kwenye dashibodi ya Landcruiser juani inazeeka kabla ya umri wake. Msimu ukiisha, Aprili na Mei, ziache na chaji nusu mahali penye ubaridi.

Jambo la mwisho, kuchaji garini. Waya wa USB unachaji betri kamera ikiwa imezimwa. Ikiwa imewashwa, umeme wa waya unaendesha kamera tu, na betri haipandi. Isitoshe ile tundu ya mikro-USB inalegea haraka gari likitikisika. Nunua chaja ndogo ya nje yenye nafasi mbili, uichomeke kwenye pawabenki. Moja inachaji, nyingine inafanya kazi. Hizo pesa za betri mpya zitumie hapo.

Ukimaliza zile siku nne niandikie asilimia za kila asubuhi na dakika za kila betri kwa namba yake. Kama betri namba fulani inakutia shaka, mpe dereva wa Coaster inayokuja Arusha, nitaipima kwa chaja yangu na kukurudishia jibu kwa gari hilohilo.

Wasalimie mama na watoto.

Ndugu yako,
Lazaro