Kabla hamjanunua rangi

Kaka,

Salamu nyingi kutoka huku ughaibuni, na mama mpe shikamoo yangu. Msomee barua hii yote, usimrukie sehemu za ufa, maana najua ndizo zinazomkosesha usingizi.

Picha za nyumba zimefika zote, na ombi lenu la pesa ya rangi nimelisoma. Jibu langu la kwanza litakuudhi: rangi msinunue. Sijasema pesa sitatuma. Nitatuma, ila ukuta wa chumba cha mama ukipakwa rangi sasa utabanduka tena mvua zikirudi, na fundi atakuja kulipwa upya kwa kazi ileile. Huku nashinda kwenye majengo, na sehemu kubwa ya kazi yetu ni kukarabati nyumba ambazo zilikwisha kukarabatiwa. Mara nyingi mwenye nyumba alifuta doa akayaacha maji yaliyolileta.

Nianze na ukuta huo. Madoa yameanzia chini, yamekomea kama mita moja kutoka sakafuni, na juu yake kuna mstari wa unga mweupe. Unga ule ni chumvi. Maji hupanda kutoka ardhini kupitia matofali, yakifika juu hukauka, na chumvi iliyoyeyuka ndani yake hubaki ikisukuma lipu na rangi mpaka vinavimba na kudondoka. Hivyo ndivyo ninavyoona mimi kwenye picha, lakini picha si ukuta. Fanya jaribio hili: kata kipande cha nailoni angavu, kausha uso wa ukuta vizuri, kibandike kwa gundi ya utepe pande zote nne pasipite hewa, kisha kiache siku mbili. Matone yakitokea upande wa juu wa nailoni, unaoelekea chumbani, basi unyevu unatoka hewani: mvuke wa jikoni, wa bafuni, nguo zinazoanikwa ndani, madirisha yaliyofungwa kutwa. Hapo dawa ni kupitisha hewa tu. Matone yakiwa nyuma ya nailoni, ukuta wenyewe umelowa.

Kisha toka nje na rula. Kila ukuta uliojengwa vizuri una karatasi ya kuzuia unyevu juu ya msingi, ile mafundi wanayoiita DPC, na inatakiwa iwe juu ya ardhi kwa sentimita 15 angalau. Miaka ikipita ardhi hupanda. Mtu analima bustani ukutani, mwingine anamwaga kifusi, mwingine anasakafia njia, na karatasi inazikwa. Kwenye picha yako moja udongo umefika kwenye lipu kabisa. Chimbeni muuondoe, ardhi iinamie mbali na nyumba, na lipu ya nje iliyoshuka mpaka kwenye udongo ikatwe, kwa sababu maji huitumia kama daraja kuivuka karatasi. Tazama pia mfereji wa paa kama unamwaga hapohapo, na bomba kama limepita ndani ya ukuta ule. Bomba ni rahisi kulipima: usiku fungeni koki zote, andika namba ya mita, asubuhi isome tena. Ikiwa imesogea na hakuna aliyetumia maji, kuna mahali panavuja.

Baada ya hapo ni kusubiri, na hapa ndipo watu wanaposhindwa. Ukuta uliolowa hukauka polepole sana. Mafundi hukadiria mwezi mmoja kwa kila sentimita mbili na nusu za unene. Ukikauka, bandueni lipu yenye chumvi mpaka sentimita 30 juu ya doa la mwisho, mpige mpya, muipe wiki nne, ndipo mpake rangi ya maji. Si ya mafuta, hiyo itafungia ndani unyevu uliobaki. Fundi amependekeza abandike vigae mpaka kiunoni ili doa lisionekane. Mwambie hapana, kwa adabu. Maji yakizibiwa njia ya kutokea chini, yatapanda juu zaidi kutafuta nyingine.

Kuhusu dari inayovuja: maji hayadondoki pale yanapoingilia. Huingia juu, hufuata kenchi, yaani mbao zinazobeba paa, kisha hudondoka mahali pengine kabisa. Panda darini na tochi siku ya mvua uyafuate kinyumenyume. Kama hamtaki kusubiri mvua, mtu mmoja awe darini, mwingine amwagilie paa kwa mpira akianzia chini na kupanda taratibu. Akianzia juu, maji yatateremka kote na hamtajua ni wapi. Mpandaji akanyage kwenye mistari ya misumari tu, maana chini yake ndiko kuna mbao. Kwa bati la mawimbi msumari unapigwa mgongoni, si bondeni ambako maji hupita, na kizibo chake cha mpira kikipasuka hicho ndicho kidonda. Kupaka lami juu ya kila tundu ni kujinunulia msimu mmoja. Jambo moja la kutahadhari: kama paa la banda la nyuma ni la asbesto, asilikate, asilitoboe wala asilisugue mtu yeyote. Vumbi lake huingia mapafuni na husababisha saratani. Hilo ni la kuwaachia wenye vifaa na mafunzo.

Sasa nyufa. Mama, zile nyembamba za sebuleni zinazotambaa kama utando wa buibui ni za lipu iliyokauka upesi kupita kiasi. Haziangushi nyumba. Ninaoutilia maanani ni ule unaotoka kwenye kona ya dirisha na kushuka mshazari kufuata matofali. Kaka, chukua penseli, weka alama kwenye ncha zake zote mbili, andika tarehe ukutani hapohapo, na upime upana mara moja kwa mwezi. Ukibaki ulivyo, chini ya milimita mbili, tutauziba na maisha yaendelee. Ukipanuka, au ukizidi milimita tano, au milango ikianza kukwama kwenye fremu, aitwe mhandisi, si fundi. Wakati mnasubiri, angalia kama lenta, ile boriti iliyo juu ya dirisha, imelalia ukutani sentimita 15 au zaidi kila upande, na kama kuna bomba la maji machafu linalovuja karibu na kona ile. Udongo wa mfinyanzi huvimba ukilowa na kunywea ukikauka, msingi ukawa unapanda na kushuka nao. Unaona tumerudi tena kwenye maji.

Chumba kipya mnachotaka kuongeza nakiunga mkono, kwa masharti. Zege la msingi liwe moja kwa mbili kwa nne, saruji, mchanga na kokoto, na lipimwe kwa ndoo au boksi, si kwa koleo, kwa sababu koleo la asubuhi na la saa kumi jioni hayalingani. Maji ndiyo ugomvi mkubwa. Mafundi hupenda zege jepesi kama uji kwa kuwa halichoshi mikono, na kila lita ya ziada hupunguza nguvu yake. Mfuko wa saruji wa kilo 50 unahitaji takriban lita 25, na pungufu kama mchanga una unyevu. Nondo zisilale ardhini. Ziinuliwe kwa vipande vidogo vya zege ili zifunikwe sentimita nne au tano pande zote. Mchanga wa baharini msiukubali hata mkipewa bure, chumvi yake hula nondo. Zege likimwagwa, lifunikwe na kumwagiliwa siku saba bila kukosa, ingawa nguvu yake hupimwa rasmi siku ya 28.

Kona mnaweza kuihakiki wenyewe kwa kamba: pima mita tatu upande mmoja, nne upande wa pili, na mshazari lazima utoke tano kamili. Ukuta mpya usishikamanishwe na wa zamani; achieni nafasi ndogo iliyojazwa kitu laini, kwa sababu msingi mpya utashuka kidogo na wa zamani umekwisha kutulia. Bafu lisakafiwe likiteremkia kwenye tundu la kutolea maji sentimita moja mpaka mbili kwa kila mita. Kabla ya vigae, zibeni tundu, mjaze maji kidogo, yaachwe saa 24 muone kama yanapungua.

Swichi ya meni inayojizima ovyo usimruhusu mtu aweke kubwa zaidi. Inajizima kwa kuwa nyaya zimeelemewa au zina hitilafu, na swichi kubwa itaziacha ziungue ndani ya ukuta.

Fundi mlipeni kwa hatua, msingi ukikaguliwa, kuta zikikaguliwa, na sehemu ya mwisho ibaki mkononi mpaka mvua kubwa ya kwanza ipite juu ya paa lake. Akikataa sharti hilo, mtafuteni mwingine.

Na ukuta wa kati ya sebule na jiko mnaotaka kuubomoa usiguswe bado, huenda ndio unaobeba paa. Panda darini uangalie kama kenchi zimeukalia, unipigie picha, pamoja na picha ya nje ya chumba cha mama rula ikiwa imesimama kwenye udongo. Nikizipata nitatuma pesa ya kuchimba kwanza.

Wasalaam,
Mdogo wako