Idhini za ofisi zisikae kwenye simu ya mtu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumze na wenzangu mawakala wa forodha hapa Tanga. Kazi yetu ni nyaraka. Marobota ya mkonge kutoka Korogwe hayapandi meli mpaka ankara, orodha ya mzigo na vibali vipite kwa karani, mhasibu na mkurugenzi, na kila mmoja aone alichofanya mwenzake.

Siku hizi tumeyatupa yote hayo kwenye kundi la WhatsApp. Ankara inayotumwa asubuhi, jioni imeshafunikwa na salamu za pole na michango ya harusi. Kuna ofisi moja ninayoijua ambayo karani wake aliacha kazi akaondoka na simu yake, na humo ndimo zilimokuwa idhini zote. Mteja alipouliza nani alikubali gharama za hifadhi bandarini, hakuna aliyeweza kumjibu.

Barua pepe ya ofisi, ambayo wengi wetu tayari tunailipia, inaweza kuifanya kazi hii. Iwepo anwani moja ya idara, isiyo ya mtu. Iwepo fomu isiyokubali kutumwa bila namba ya kontena na tarehe ya meli. Ikijazwa, iende yenyewe kwa mhasibu. Akiridhia, ifike kwa mkurugenzi. Akikataa, irudi kwa karani pamoja na sababu. Wenye barua pepe ya Google wana Apps Script, wa Microsoft wana Power Automate, zana za kuipangia kompyuta hatua za kazi izifuate yenyewe. Kijana aliyesoma kompyuta vizuri anaijenga bila kununua mtambo mpya.

Wala si jambo geni. Lotus Notes, programu ya kompyuta ya kushirikiana nyaraka ofisini iliyobuniwa na Ray Ozzie na wenzake, ilitoka mwaka 1989, na IBM ikainunua kampuni ya Lotus mwaka 1995. Kila ofisi ilikaa na nakala yake ya kumbukumbu. Laini ikikatika watu waliendelea kuandika, ikirudi kompyuta zikapeana mabadiliko. Wawili wakigusa waraka mmoja kwa wakati mmoja, matoleo yote mawili yalihifadhiwa, binadamu akaamua lipi libaki. Huo ndio utaratibu unaofaa ofisi za mashambani kwetu, ambako mtandao huja na kuondoka. Anayejenga leo asisahau hilo.

Ila kabla ya kumwita fundi, kaeni mkubaliane nani anaidhinisha nini na kwa kiasi gani. Na wakurugenzi, nawaomba kwa heshima: mkiendelea kuidhinisha kwa kupiga simu, fomu itakufa ndani ya mwezi.

Chuo chochote mkoani kitakachofungua kozi ya jioni ya kazi hii, makarani wetu watakuja, na tutaleta fomu zetu halisi wajifunzie.

Karani mkuu, wakala wa forodha,
Chumbageni, Tanga