Risala ya Wahitimu wa Mafunzo ya Tiba Shufaa kwa Mgeni Rasmi: Mgonjwa na Aulizwe Uji

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Wakufunzi wetu,
Wazazi, walezi na ndugu mliotusindikiza,
Mabibi na mabwana,

Kwa niaba ya wahitimu wenzangu, naomba nitangulize shukrani zetu kwako kwa kuacha shughuli zako nyingi na kukubali kukaa nasi siku ya leo. Tunafahamu kwamba mwaliko wa mahafali kama haya si mwepesi kuukubali, kwa kuwa kazi tuliyojifunza ni kazi ambayo watu wengi hawapendi hata kuisikia ikitajwa, mpaka siku inapobisha hodi mlangoni kwao. Kwa desturi, risala huorodhesha mafanikio, kisha changamoto, kisha maombi. Tumeomba ruhusa kwa wakufunzi wetu, nao wakaturidhia, tuutumie muda huu kukueleza jambo moja ambalo utafiti wa tiba shufaa umetufundisha, na maombi yetu tutayaleta mwishoni kwa kifupi.

Tiba shufaa ni huduma inayolenga kumpunguzia mateso mgonjwa mwenye maradhi yanayotishia uhai wake, pamoja na ndugu wanaomuuguza, iwe ni maumivu ya mwili, hofu, upweke au maswali ya kiroho. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila mwaka watu milioni 56.8 wanaihitaji, na kwamba wanaoipata ni kama asilimia 14 tu. Sura yake ya kisasa ilianzishwa na Cicely Saunders, mwanamke aliyekuwa muuguzi, akawa ofisa wa ustawi wa jamii, kisha akasomea udaktari, na mwaka 1967 akafungua St Christopher's Hospice, nyumba ya kuwahudumia wagonjwa wanaokaribia mwisho wa maisha, jijini London. Hukumbukwa zaidi kwa upole wake, nasi tunadhani hapo amepunjwa. Kabla ya kufungua nyumba hiyo alikaa kando ya vitanda vya wagonjwa kwa miaka kadhaa akiandika walichomwambia kuhusu maumivu yao, na ni kutokana na kumbukumbu hizo alipoweza kuwaonyesha madaktari wenzake kwamba mofini, dawa kali ya maumivu, ikitolewa kwa saa maalumu, kabla maumivu hayajarudi, mgonjwa hutulia na akili yake hubaki naye. Aliuliza, akaandika, akalinganisha.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, lugha yetu ina methali isemayo mgonjwa haulizwi uji. Ni methali ya huruma. Aliyeitunga bila shaka aliwahi kuuguza, kwa sababu alijua kwamba mgonjwa akiulizwa kama anataka kula atasema hapana, na kwamba anayengoja kuombwa atakuta amechelewa. Hatukuja hapa kuwasahihisha wahenga. Lakini wakati wa mafunzo tumeona jinsi methali hiyo ilivyohamia wodini na kutwishwa mzigo usio wake: imekuwa ruhusa ya kumwamulia mgonjwa, kumpa tunachodhani kinamfaa, na kuuhesabu wema wa nia yetu kuwa ndio ushahidi.

Naomba nitoe mfano unaonihusu mimi ninayesoma risala hii. Usiku mmoja wa mafunzo kwa vitendo nilikuwa zamu katika wodi yenye mzee mmoja aliyefikia hatua za mwisho za saratani. Ilipopita saa sita alianza kuweweseka. Aliyavuta mashuka, akajaribu kushuka kitandani, akawa anaita jina ambalo hata mwanawe aliyekuwa akimlinda hakulitambua. Daktari wa zamu aliandika sindano ya kumtuliza nami nikaichoma, na mzee akanyamaza. Mwanawe alinishukuru sana. Alfajiri, muuguzi mzoefu aliyekuja kupokea zamu aliweka kiganja chake chini ya kitovu cha yule mzee, akabonyeza taratibu, akaniuliza mara ya mwisho alikojoa lini. Sikuwa na jibu. Kibofu kilikuwa kimejaa na kukaza kama ngoma. Mpira wa mkojo ulipowekwa mzee alilegea uso mzima, lakini dawa yangu ilikuwa bado imo mwilini mwake, na binti yake aliyesafiri usiku kucha kuja kumwona alikaa nusu siku akimtazama baba asiyeweza kumjibu.

Baada ya hapo ndipo niliposoma kwa makini jaribio lililofanyika Australia na kuchapishwa mwaka 2017. Wagonjwa 247 wa tiba shufaa waliokuwa wakiweweseka kwa kiwango kidogo au cha kati waligawanywa kwa kura katika makundi matatu: kundi moja lilipewa dawa ya kutuliza iitwayo haloperido, la pili nyingine iitwayo risperidoni, na la tatu dawa bandia isiyo na kiambato chochote. Wote walipata uangalizi uleule, yaani kutafutiwa chanzo cha hali hiyo na kutulizwa kwa maneno na mazingira. Dalili zilikuwa nafuu zaidi kwa wale waliopewa dawa bandia, na waliopewa haloperido walifariki mapema kuliko wao. Dawa hizo zilikuwa zimetumika kwa miaka mingi na watu wenye huruma kama mimi. Hazikuwa zimewahi kupimwa namna hiyo kwa wagonjwa wa aina hiyo, kwa sababu kumfanyia utafiti mtu anayekaribia kufa kulionekana ni ukatili. Sisi tunaona ukatili mkubwa zaidi ni kuendelea kumchoma sindano bila kujua.

Mifano ya namna hiyo ipo zaidi ya mmoja. Mgonjwa anapohema kwa shida, ndugu wote hugeuza macho kutafuta mtungi wa oksijeni, na asipowekewa huhesabiwa kuwa ametelekezwa. Mwaka 2010 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililohusisha wagonjwa 239 katika nchi za Australia, Marekani na Uingereza, ambao walikuwa wakikosa pumzi ingawa oksijeni katika damu yao haikuwa imeshuka sana. Nusu yao walipuliziwa oksijeni na nusu hewa ya kawaida, kwa mirija ileile ya puani, bila kuambiwa ipi ni ipi. Makundi yote mawili yalipata nafuu, na hapakuwa na tofauti kati yao. Haina maana kwamba oksijeni haina kazi, kwani mwenye upungufu mkubwa katika damu bado anaihitaji. Maana yake ni kwamba kwa wengi huenda kinachosaidia ni mkondo wa hewa unaopita usoni, na huo hupatikana kwa feni ndogo ya mkononi au dirisha lililofunguliwa, bila mpira unaomfunga mtu kitandani. Dripu nayo ina habari inayofanana. Katika jaribio la mwaka 2013 lililowahusu wagonjwa 129 wa saratani iliyosambaa, waliopewa lita moja ya maji kwa siku hawakupata nafuu ya dalili wala siku za ziada kuwazidi waliopewa mililita 100 tu. Tunajua kwamba kumwambia ndugu habari hii ni kazi ngumu kuliko kutundika chupa, kwa maana chupa inaonekana. Midomo iliyokauka, hata hivyo, inataka pamba yenye maji na mtu wa kuishika.

Tukigeukia upande wa pili, utafiti unaonyesha nini kinatokea mgonjwa anapoulizwa. Tuanze na asipoulizwa. Utafiti mkubwa uliofanyika katika hospitali tano nchini Marekani na kuchapishwa mwaka 1995, ukiwa na wagonjwa zaidi ya 9,000, uligundua kwamba pale mgonjwa alipopendelea moyo wake usishtuliwe ukisimama, madaktari waliolijua jambo hilo walikuwa asilimia 47 tu. Utafiti mwingine wa mwaka 2000 ulilinganisha makadirio ya madaktari 343 kuhusu muda uliobaki kwa wagonjwa 468 na muda walioishi kweli. Makadirio yaliyokuwa karibu na ukweli yalikuwa asilimia 20, na makosa mengi yalikuwa ya kuongeza siku. Daktari anayemwambia mgonjwa miezi wakati zimebaki wiki hasemi uongo. Anatumaini kwa niaba yake. Lakini mgonjwa ndiye anayeghairi safari ya kwenda kupatana na ndugu yake kwa kudhani muda ungalipo.

Na aulizwapo? Mwaka 2017 yalitolewa matokeo ya jaribio la New York lililowashirikisha wagonjwa 766 waliokuwa kwenye matibabu ya saratani. Kundi moja lilitibiwa kwa utaratibu wa kawaida. Kundi la pili liliulizwa mara kwa mara kwa kompyuta kuhusu dalili 12 za kawaida, kama vile kichefuchefu, maumivu na kukosa hamu ya kula, na jibu baya lilipoingia muuguzi alipata taarifa. Walioulizwa waliishi kwa wastani wa kati wa miezi 31.2, na wengine miezi 26. Tuliposoma takwimu hii darasani kulikuwa na ukimya, kisha mwenzetu mmoja akasema kwa mzaha kwamba kama swali lingekuwa kidonge, lingeuzwa ghali.

Tungependa pia kuwa waangalifu. Jaribio linalotajwa kuliko yote katika fani yetu ni la Boston la mwaka 2010, ambapo wagonjwa 151 wa saratani ya mapafu iliyosambaa waligawanywa, nusu wakianza tiba shufaa mapema sambamba na tiba ya saratani. Hao waliishi miezi 11.6 dhidi ya 8.9, ingawa walipewa matibabu mazito machache zaidi karibu na kifo. Nyongeza hiyo ya miezi imepigiwa ngoma mno. Majaribio yaliyofuata hayakuipata kila mara. Kilichojirudia mara nyingi zaidi ni ubora wa maisha, na sisi tunashikilia kipimo kingine cha utafiti uleule: dalili za sonona zilikuwa kwa asilimia 16 ya waliopata huduma mapema na asilimia 38 ya wenzao. Hata kama hakuna siku moja iliyoongezeka, tofauti hiyo inatosha kuondoa dhana kwamba kumtaja mtu wa tiba shufaa kwa mgonjwa ni kumvunja moyo.

Kuna mtego mwingine ambao utafiti umetuonya, nao ni kudhani kwamba kuuliza ni kujaza fomu. Katika nchi sita za Ulaya wagonjwa 1,117 wa saratani walishiriki jaribio lililochapishwa mwaka 2020, ambamo baadhi yao walifanya mazungumzo yaliyopangwa kuhusu matakwa yao ya baadaye na kuyaandika. Ubora wa maisha yao haukupanda kuliko wa wengine. Wapo waliokata tamaa kwa matokeo hayo. Kwa maoni yetu yanafaa kutukumbusha kwamba anachotaka mtu akiwa na nguvu si lazima kiwe anachotaka akiwa hoi, na kwamba swali lililoulizwa mara moja, likapigwa muhuri na kuwekwa kwenye faili, halijaulizwa.

Hata anapofika mahali asiweze kujibu hatujaruhusiwa kunyamaza. Watafiti wa British Columbia nchini Kanada walipima mawimbi ya ubongo ya wagonjwa waliokuwa saa chache kabla ya kukata roho na wasioitikia tena, na katika taarifa yao ya mwaka 2020 walieleza kwamba ubongo wa baadhi yao uliendelea kuitikia mabadiliko ya sauti kwa namna iliyofanana na ya watu wazima wenye afya. Kama walielewa maneno, kipimo hicho hakiwezi kusema. Lakini tangu tuusome utafiti huo hakuna hata mmoja wetu anayemgeuza mgonjwa wa aina hiyo bila kumwambia kwanza kwamba anamgeuza.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tumeuliza mengi, na swali moja tunaogopa kumuuliza mgonjwa kwa sababu tunajua jibu litatuaibisha: je, unaumwa kiasi gani? Tume ya jarida la kitabibu la Lancet ilionyesha mwaka 2017 kwamba kati ya tani 298.5 za dawa za jamii ya afyuni, zikipimwa kwa uzito wa mofini, zilizokuwa zikigawiwa duniani kwa mwaka, nchi maskini kabisa zilipata tani 0.1. Hiyo ni kilo 100 kwa nchi zote hizo pamoja. Mofini ya maji si ugunduzi mpya wala si dawa ya gharama kubwa. Kinachoikwamisha ni hofu, ya sheria kwa upande mmoja na ya madaktari, wauguzi na ndugu kwa upande mwingine, kwamba itamzoesha mgonjwa au itamharakisha. Ikianzwa kwa dozi ndogo na kupandishwa kwa kufuata maumivu, kama inavyofundishwa na kama tulivyofanya kwa mikono yetu, ni nadra kufanya hivyo.

Maombi yetu ni matatu. Kwa nafasi yako, utusaidie kuhakikisha kwamba hakuna mhitimu wa darasa hili anayepelekwa kwenye kituo kisicho na mofini ya kumeza, kwa kuwa kumtuma huko ni kumtuma kuomba radhi. Utusaidie pia mafunzo haya yatengewe saa za kusoma na kujadili tafiti mpya, ambazo kwa sasa tunazisoma usiku kwa kuchangiana bando la simu. La tatu tulibishana kama linafaa kuletwa kwa mgeni rasmi, lakini wengi walishinda: baada ya risala hii tutatembelea wodi pamoja nawe, nasi tunakuomba usipite na kupungia mkono kutoka mlangoni. Vuta kiti kando ya kitanda kimoja, keti, umuulize mgonjwa huyo ni nini kinamsumbua zaidi leo, kisha umsubiri amalize kujibu.

Tunaomba kuwasilisha.